Mke Wangu Anaogelea Jumamosi, na Mtani Kaniambia Neno

Mama Recheli, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo shemeji zangu wanakuja kutoka Ipole, na mimi ndiye niliyewaita, na nikishawakalisha kwenye viti sijui nitaanzia wapi. Jina langu sitaliandika, na la mke wangu nimelibadilisha, nitamwita Dafrosa, kwa sababu sijui nani anafungua barua hapo redioni na nani anajuana na nani.

Mimi ni karani wa ghala la tumbaku, nimemaliza kidato cha nne, na kila jioni huandika katika shajara yangu mambo ya siku hiyo pamoja na tarehe, kwa hiyo haya nitakayokueleza sibahatishi. Kazi yangu ni kupokea marobota ya wakulima, na nimejifunza kwamba robota likipendeza nje ndipo uingize mkono hadi katikati, maana huko ndani mtu anaweza kuwa ameficha majani mabovu au ameyanyunyizia maji yaongeze uzito. Nakueleza hili ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuamini vitu kirahisi.

Tarehe 11 Januari tulikwenda kliniki na mke wangu, daktari akatupima sote wawili, akasema presha ya Dafrosa iko juu na uzito umezidi, na magoti yanayomsumbua shuleni anakofundisha ni kwa sababu hiyo, akamshauri atafute mazoezi yasiyoumiza magoti, akataja na kuogelea. Nilikubali, tena kiingilio nilitoa mimi, kwa sababu niliambiwa kwamba hoteli moja hapa mjini Jumamosi asubuhi huwaachia wanawake peke yao bwawa lake la kuogelea, akina mama wa Kiislamu wa mjini ndio walioomba hivyo, mwalimu wao ni mama mmoja anaitwa Shamimu, na uzio hufunikwa kwa khanga ili mtu wa nje asione kitu. Dafrosa akanunua mtumbani nguo ya kuogelea yenye mikono mirefu, akaanza.

Mwanzoni alirudi analalamika kwamba amemeza maji, macho mekundu, nywele zinanuka dawa ya bwawa, na mimi nilidhani ataacha baada ya wiki chache, lakini hakuacha. Kufika Pasaka magauni yake yalikuwa yanampwaya, akayapeleka kwa fundi yakapunguzwe, akawa anapanda ngazi za kanisa la Kipalapala bila kunishika mkono kama zamani, na jikoni anaimba nyimbo ambazo si za kwaya. Nikamwambia Jumamosi moja nitamsindikiza. Akacheka. Akasema, "Ni wanawake watupu, baba Octavian, wewe utasimama wapi? Utavaa khanga?" Niliandika jibu hilo jinsi lilivyo, kwa sababu halikunikaa vizuri.

Sasa hapo ghalani kuna mama anatuuzia vitumbua, anaitwa Batuli, Mzaramo aliyeolewa hapa Tabora, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Batuli naye huogelea Jumamosi. Tarehe 3 Mei alikuja na beseni lake, wapakiaji wote wapo, akanipigia kelele toka mlangoni, "We mpagazi! Umekaa hapa unahangaika na mizigo ya watu, mkeo kule majini anashikwa kiuno ili aelee!"

Nikamuuliza, "Anashikwa na nani?"

"Na Sadiki. Kijana wa haja, tumbo limelala kama ubao. Mwenzio anapungua, wewe unaongezeka. Siku ukiingia wewe bwawani maji yote yatamwagika nje, sisi tutaogelea nini?"

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akakalia robota. Na mimi nilimjibu, nilimwambia, "Mzaramo wewe, ngoma zimekuziba masikio sasa zimehamia machoni," nikachukua vitumbua vyake viwili nikala bila kulipa kama ilivyo haki ya mtani, naye akanitukana tukaachana. Lakini nilipofika nyumbani nilianza kufikiri, kwa sababu watu husema mtani ndiye anayeweza kukuambia ukweli ambao ndugu yako anauogopa, na tena huyu yumo humo humo bwawani, anaona.

Nikafanya uchunguzi. Tarehe 10 Mei nilipeleka baiskeli yangu kwa fundi aliye mkabala na hoteli hiyo, ingawa baiskeli ilikuwa nzima, nikakaa kwenye benchi lake. Nikamwona kijana ameingia getini na mti mrefu wenye wavu, nikamuuliza fundi akasema huyo ndiye Sadiki. Akatoka na ndoo, suruali imelowa mpaka magotini. Halafu akina mama wakaingia, Dafrosa akiwa katikati yao, wakatundika khanga kwenye uzio, na baadaye nikasikia vicheko vingi na cha mke wangu nikakitambua. Sijawahi kusikia akicheka hivyo nyumbani. Fundi akaniuliza, "Mzee, baiskeli ina ugonjwa gani hasa?" nikaondoka.

Wiki hiyo hiyo shemeji yangu mkubwa, Modest, akapiga simu. Alikuwa amekutana na Dafrosa kwenye msiba, akasema, "Shemeji, dada yetu anakonda, huko kwako mnakula kweli? Au kuna ugonjwa mnatuficha?" Niliogopa, Mama, kwa sababu niliona kwamba mimi ndiye nitakayelaumiwa. Nikamwambia njooni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, mimi mwenyewe nina jambo la kuwaeleza kuhusu dada yenu, kama hali ndiyo hii mtaondoka naye. Na ile nguo ya kuogelea nikaichukua nikaificha stoo, ndani ya gunia la mahindi. Jumamosi mbili sasa Dafrosa hajakwenda. Ameitafuta nyumba nzima, kisha akanitazama, akasema, "Kama kuna kitu unataka kuniuliza, niulize." Sikumuuliza. Tangu hapo ananipa chakula, ananisalimia, lakini kuimba ameacha, na jana alishika ukuta akasema kichwa kinamgonga.

Niambie, Mama Recheli, nianze vipi mbele ya shemeji zangu? Nimtaje Sadiki kwanza au nianze na vicheko? Nifanyeje?

Mwenye Mashaka, Tabora

MAMA RECHELI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama mama, nikakuhurumia, kwa sababu mtu anayemwogopa mke wake hata kumuuliza swali moja analala vibaya. Mara ya pili nimeisoma unavyokagua marobota yako. Nimeingiza mkono katikati, na nitakuambia nilichokuta huko.

Nimeanza na Sadiki. Wewe mwenyewe umeandika kwamba aliingia na wavu, akatoka na ndoo, HALAFU akina mama wakaingia wakatundika khanga. Alitoka, baba. Vicheko ulivyosikia vilikuja yeye akiwa ameshaondoka. Yule kijana anaopoa majani yanayoanguka ndani ya maji na kutia dawa, na ule mti wenye wavu ndio kazi yake. Umekaa kwenye benchi la fundi wa watu, umeona mambo yote kwa mpangilio wake, umeyaandika kwa mpangilio wake, kisha ukaamua uliyokuwa umeyaamua kabla hujatoka nyumbani.

Tuje kwa Batuli. Huyo ni mama wa Kiislamu, na yeye na wenzake ndio walioomba siku ya peke yao ili wasionekane na wanaume. Unadhani angeingia majini na kijana wa watu humo ndani, kisha aje kulitangaza ghalani mbele ya wapakiaji? Angekuwa anajitangaza mwenyewe. Alikuwa anakutania! Mtani akipaza sauti mbele ya watu anakuchokoza wewe, hamshtaki mke wako. Na wewe ulijua, ndiyo maana ukamrudishia maneno, ukala vitumbua vyake bila kulipa. Huwezi kula vitumbua vya utani, halafu maneno yaliyokuja na vitumbua hivyo hivyo ukayapeleka kwa shemeji zako kama ushahidi.

Unasema mtani husema ukweli. Sawa, nakubali. Basi rudia alichosema. Alisema mwenzio anapungua, wewe unaongezeka. Hapo ndipo palikuwa na ukweli, na hapo ndipo uliporuka ukamkimbilia Sadiki.

Na hapa ndipo na mimi ninapoanza kukushuku wewe. Umeandika kwamba daktari aliwapima wote wawili. Presha ya Dafrosa umeitaja, uzito wake umeutaja, hata magoti yake umeyataja. Majibu yako yako wapi? Mtu anayeandika mpaka utani wa mkewe jinsi ulivyo, amesahau alichoambiwa na daktari kuhusu mwili wake? Hukusahau. Nadhani mliambiwa maneno yanayofanana siku ile, mwenzio akaenda kununua nguo ya kuogelea, wewe ukarudi nyumbani ukakaa. Sasa anapanda ngazi za kanisa bila kukushika mkono, na wewe bado unautoa mkono, haupokelewi. Hilo linauma, sikucheki. Lakini maumivu hayo si uzinzi wa mtu.

Jambo la nguo limenikasirisha kuliko yote. Ulimnyima mwenzio dawa, baba! Ungemfichia vidonge ungejiita mwizi. Kwa sababu ni nguo, umejiona mpelelezi. Anashika ukuta, kichwa kinamgonga, na wewe unaniuliza uanze na vicheko au na Sadiki. Na hao shemeji umewaita kwa sababu Modest alikuuliza kama kwako mnakula, ukaogopa, ukataka neno la kwanza liwe lako na lawama ziwe za dada yao. Unajua utakachosema sebuleni siku hiyo hakitafutika hata ukija kuomba radhi kwa magoti. Atakuwa ameitwa malaya mbele ya kaka zake kwa ushahidi wa vicheko.

Sasa nisikilize, na usinibishie.

Mpigie Modest leo. Usimwambie wasije. Waje, pika, na mwambie jambo ulilotaka kueleza ni kwamba dada yao amepungua kwa mazoezi aliyoagizwa na daktari, naye mwenyewe atawasimulia. Mwache asimulie. Wewe kaa, sikiliza, na Modest akikutazama kwa mashaka, mvumilie, umewatazama watu hivyo mwezi mzima.

Jumatatu mpeleke mke wako kliniki akapimwe tena ile presha, usichelewe. Na wewe upimwe, na majibu yako umsomee yeye, usiyafungie kwenye shajara. Hoteli yenye siku ya wanawake ina siku za wanaume pia. Huwezi kuogelea? Hata yeye alianza kwa kumeza maji. Kama aibu ya tumbo inakuzuia, tembea, panda hiyo baiskeli yako nzima, lakini fanya kitu.

Na lile swali. Alikuambia, "Kama kuna kitu unataka kuniuliza, niulize." Mwanamke mwenye la kuficha hafungui mlango hivyo. Muulize leo. Sema jina la Sadiki, sema ulivyokaa kwa fundi, usiruke chochote. Atakasirika, anayo haki. Huenda pia akacheka, na safari hii utakuwa karibu ukimsikia.

Lakini kabla ya kumwambia neno lolote, nenda stoo, fungua gunia, itoe hiyo nguo, ikung'ute vumbi la mahindi, uifue kwa mikono yako mwenyewe na uianike usiku huu. Leo ni Ijumaa. Kesho asubuhi anapaswa kuwa majini.