Televisheni Mpya ya Baba Mutua

Jumapili, 2 Machi 1997
Kanisa, chapati, ugomvi wa TV. Kama kila Jumapili. Baba Mutua anasema picha imejaa ukungu, tununue nyingine. Mimi naona vizuri. Ni kweli TV ni kuukuu, usipoipiga kofi haiwaki, lakini ikishawaka iko sawa. Mume wangu akitaka kitu haambiliki. Nimechoka naye.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwita fundi kutoka Kariobangi. Kaifungua, kapuliza vumbi, kabadilisha swichi. Sasa inawaka bila kofi. Anasema tukae nayo hata mwaka mwingine. Jioni Baba Mutua akavuta kiti hadi karibu na kioo, akasema fundi ni mwizi. Mwende, kitindamimba wetu, akaninong'oneza: "Mathe, TV iko fiti. Ni buda ametuzibia." Tukamcheka baba yake.

Jumamosi, 8 Machi
Tumenunua. Pesa za chama changu cha kuweka akiba zimekwisha. Nilitaka ndogo, yenye garanti, ya aina ambayo mafundi wa mtaani wanaijua na spea zake zinapatikana. Hapo alinisikiza. Muuzaji aliwasha kadhaa kwa pamoja tulinganishe. Baba Mutua aliinama mbele ya kila moja, pua karibu iguse kioo. Zote alisema zina ukungu. Muuzaji akanitazama. Nikaangalia viatu vyangu, nikalipa.

Hapo ndipo nilielewa. Si TV. Ni macho yake. Na huyu mtu anaendesha lori la unga.

Jumapili, 9 Machi
Upepo umegeuza eria ya TV juu ya paa. Sauti safi, picha chenga tupu. Baba Mutua alikaa kwenye kochi, akakunja mguu. "Sasa hii ndiyo TV, Mama Mutua. Inaonyesha vizuri." Nilienda jikoni nikafungulia mfereji ili wasinisikie nikilia.

Jumanne, 11 Machi
Nimemuuliza. Amekubali. Ni tangu Krismasi. Alikuwa akiomba Mungu iwe ni TV.

Hospitali hataki. Wakiandika haoni, kazi imeisha. Barabara anaijua kwa kichwa, anasema, na utingo wake humwambia kukiwa na mtu mbele. Alisema hivyo kama jambo la kawaida. Ameniomba ninyamaze hadi Mwende amalize Form Four. Miaka miwili. Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeenda Industrial Area kwa mwajiri wake. Nilipitia Mukuru kwa Reuben. Watoto walikuwa wakitoka shule, wanavuka ovyo, lori zinapita. Nilitembea haraka nisije nikabadilisha nia. Nimemwambia bosi kila kitu. Alinishukuru, na hilo liliniuma zaidi.

Ijumaa, 14 Machi
Wamemwachisha kazi. Amerudi kabla ya saa sita, akaingia kitandani na viatu.

Jumapili, 16 Machi
Hatukwenda kanisani. Karo ya muhula ujao sijui itatoka wapi. Mwende ameanza kuuliza kuhusu kazi za viwandani hapa Baba Dogo na sikumkataza.

Baba Mutua anasema kuna mtu alimchongea kwa bosi. Akimjua hatamsamehe hadi aingie kaburini. Nilikuwa nikimmiminia chai. Nikamaliza kumimina.

Alasiri kulikuwa na mpira. Mwende alikuwa amerekebisha eria, picha nzuri sana. Watu uwanjani wakashangilia. Baba Mutua akageuza uso upande wangu, akauliza nani amefunga. Nikatazama, nikamwambia.