Mkebe Uliorudi Mtupu

Shamba la Bwana Mrefu,
Ndabibi, Naivasha.
Agosti 1955.

Kwa dada yangu mpendwa Chepkosgei,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi, ni mimi rafiki yako Rahab Njoki. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mume wako, na huyo mtoto ambaye nimesikia amezaliwa na sauti kubwa kama ya mama yake. Mimi mwili wangu ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini siumwi, na bado nasimama jikoni kwa memsahibu, jiko lile lile la moshi, mlango ule ule unaolia kama mbwa. Yaya waliyemleta mahali pako hajui hata kukunja nepi, na nikimwonyesha ananuna. Nimekukumbuka sana, nisikudanganye.

Barua yako nilipewa na Obura, yule dereva wa lori la krimu, na ni yeye huyo huyo atakayebeba jibu. Siku hizi ukitia posta barua yenye jina la Kikuyu, itasomwa na wengi kabla mwenyewe hajaiona. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta mahali nikakaa. Umeniambia kwamba ndugu yako Kimaiyo ameacha kazi ya uaskari pale kambini, amerudi nyumbani, na tangu afike hasemi na mtu wala hali. Akilazimishwa kula anatapika, na mbavu zake sasa zinahesabika. Umeniambia pia kwamba baba yenu, mzee Kiprugut, amekaa na wazee wenzake wakakata shauri kwamba hiyo ni laana, na aliyelaani ni mimi, mke wa Ndung'u, mwenye vile vitu vyeusi vya mkebeni. Ukaniomba, kwa chumvi tuliyokula pamoja, niiondoe laana hiyo kabla hamjamzika.

Chepkosgei, nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaunguza maziwa ya watoto, na memsahibu akaja kuniuliza kama nimelala. Mimi, wa kulaani! Halafu jioni hasira ilipopoa nikafikiri, kumbe huyu hajui. Kimaiyo hakuwaambia kitu. Basi nitakuambia yote kama yalivyokuwa, lakini nakuomba uisome peke yako kwanza. Ukishamaliza utajua mwenyewe la kumsomea mzee.

Vile vitu vyeusi unavijua, kwa sababu tulivifanya pamoja. Unakumbuka meno ya yule binti wa memsahibu yalipoanza kuoza, daktari wa Nakuru akapiga marufuku sukari nyumba nzima, na mtoto akalia siku kutwa kama aliyefiwa. Memsahibu akatoa maarifa kwenye gazeti lake la akina mama. Tukaondoa kokwa kwenye tende, tukazichanganya na zabibu kavu na zile plamu tulizoanika juu ya bati la stoo, tukazitwanga kwenye kinu mpaka zikanata kama udongo wa mfinyanzi. Tukatia kakao, njugu zilizopondwa na siagi kidogo, tukaviringisha kwa viganja vyenye maji, tukaviweka kwenye kabati la nyama vikakauka. Hakuna moto, hakuna sukari. Uliviita mavi ya mbuzi, ukacheka mpaka ukashika mbavu. Lakini nikigeuka kidogo ulikuwa unalamba mchi, nilikuona.

Sasa, ulipoondoka kwenda kuolewa, Ndung'u wangu alikuwa ameshakamatwa. Hilo unalijua, ulikuwepo walipomtoa kwenye kukamua ng'ombe wakampakia lori na buti zake za maji. Usilojua ni hali niliyomkuta nayo siku ya kwanza niliporuhusiwa kumwona kupitia seng'enge. Woi, Chepkosgei! Taya lilikuwa limevimba upande mmoja, na meno ya mbele hayapo. Walikuwa wamemuuliza mambo ya kiapo cha watu wa msituni, naye akasema hana la kuwaambia. Alijaribu kunichekea, nami nikatamani asingejaribu.

Chakula cha kambi ni posho nusu mbichi na maharagwe magumu, na mtu asiye na meno atakufa njaa mbele ya sahani. Nikapeleka mkate, askari wa lango wakaukata vipande vipande wakitafuta karatasi ndani, ukamfikia makombo. Nikapeleka sukari, wakatia kwenye chai yao. Na kupika uji nikampelekea sikuweza, kwa sababu huku kwenye laini zetu, nyumba za wafanyakazi, amri ni kwamba moto wote uzimwe kabla jua halijazama, na mimi hutoka jikoni kwa memsahibu jua limeshazama. Ndipo nikakumbuka peremende za yule mtoto. Hazitaki moto, hazitaki meno, na wiki nzima haziharibiki. Za Ndung'u sikutia njugu, zingemchoma ufizi. Nilitia unga wa wimbi, apate ladha ya kwao. Tende nilinunua mwenyewe dukani kwa Mhindi, na plamu zilikuwa zile za kuokota chini.

Na wewe ndiwe uliyeniombea kwa Kimaiyo, kwa ile barua uliyomtumia kutoka huko ulikoolewa. Sisemi hivyo kukulaumu, nasema kwa sababu ni wema ulionitendea na sijausahau. Kila Jumamosi alikuwa akisimamia wafungwa wanaookota kuni karibu na korongo, nami nikipita njia ile ya kwenda dukani. Nampa mkebe wa kakao uliojaa, ananipa ule wa Jumamosi iliyopita. Hakuwa mtu wa maneno mengi, unamjua. Alikuwa akiuficha ndani ya koti, anakohoa mara moja, anaenda zake. Nilikuwa nikimwombea kwa Mungu kwa jina lake.

Wewe unajua kwetu chombo hakirudi kitupu. Ulinicheka nilipokurudishia kibuyu chako cha maziwa na mahindi ndani, ukasema Wakikuyu hata kibuyu wanakifanyia biashara. Si biashara, ni adabu tuliyonyonya. Basi Ndung'u, aliye kambini, asiye na kitu hata kamba ya suruali, hakunirudishia mkebe mtupu hata siku moja. Mara ni jani alilolifunga fundo. Mara ni mbegu ya mti nisioujua. Mara moja kijiko alichokichonga kwenye kijiti, kidogo kama ukucha. Nami nilikuwa nikifika nyumbani nafunga mlango kwanza ndipo nafungua mkebe, na nikikuta kile kitu nasema haya, mtu wangu bado yuko.

Halafu Jumamosi moja ya mwezi wa tano mkebe ukarudi umesuguliwa. Unang'aa ndani na nje, umesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka maandishi yakafutika, na ndani hamna kitu. Niliupindua, nikaupiga chini, nikachungulia kama mwendawazimu. Nikajiambia labda jani limedondoka njiani. Wiki iliyofuata ukarudi hivyo hivyo, safi, mtupu. Unakumbuka Kimaiyo alivyotusimulia habari za vita vya Burma, kwamba askari akirudisha kopo lenye uchafu anaadhibiwa? Kwake yeye kurudisha chombo safi ndiyo heshima. Alidhani ananiheshimu.

Nilijua, na sikutaka kujua. Niliendelea kutwanga. Niliendelea kuviringisha, Jumamosi hadi Jumamosi, nampa Kimaiyo mkebe uliojaa, naye anaupokea, na kila mara anazidi kuniangalia miguuni. Nilikwenda kuuliza kwenye ofisi ya kambi, mzungu mmoja akafungua kitabu akaniambia Ndung'u amehamishwa. Amehamishiwa wapi? Hana ruhusa ya kusema. Nikarudi nyumbani nikatwanga tena.

Mwishoni mwa mwezi wa sita uvumilivu uliniishia. Nilipomfikia Kimaiyo sikumpa mkebe. Niliushika kwa mikono miwili nikamuuliza ni nani anayekula chakula cha mume wangu. Alitazama huku na huku. Kisha akakaa chini pale pale, askari mzima na bunduki yake, akaniambia ni yeye.

Haya ninayokuandikia sasa ni maneno yake, sikuongeza hata moja. Alisema Ndung'u alikuwa na tabia ya kujiwekea kimoja kwenye blanketi, akilambe kidogo kidogo katikati ya wiki. Kwenye upekuzi afisa mmoja alikipata. Akanusa, akaonja, akacheka, akauliza tangu lini mfungwa wa Kikuyu anakula chokoleti. Halafu akaacha kucheka akataka kujua ni askari gani anayeingiza vitu. Ndung'u akasema amekiokota. Afisa akawapanga askari wa zamu wote mstari mmoja, akaamuru kila mmoja apige kwa zamu yake mpaka mtu huyu ataje jina.

Kimaiyo alikuwa kwenye mstari ule, Chepkosgei. Alikuwa katikati ya mstari. Alisema kila aliposogea mbele alifikiri sasa nitasema ni mimi, na kila mara mdomo ukakataa kufunguka. Zamu yake ikafika akapiga, na afisa akamwambia anapiga kama mwanamke, arudie. Akarudia kwa nguvu. Alisema Ndung'u alimtazama usoni, wakatazamana, na hakulitaja jina lake. Hakulitaja wakati ule, wala baadaye walipombeba. Alikufa kesho yake mchana bila kulitaja. Askari waliapishwa wasitoe habari, na waliochukuliwa kwenda kumzika walikuwa wawili, Kimaiyo na mwenzake mmoja ambaye sasa amepelekwa mbali, wala hakunitajia jina lake.

Nikamuuliza mbona aliendelea kupokea mkebe. Alisema angekataa ningejua. Na kutupa hakuweza, kwa sababu alijua nimevitwanga kwa mkono wangu. Basi alikuwa akiingia vichakani anakula vyote, peke yake, huku analia, kisha anausugua mkebe kwa mchanga. Alisema tangu wakati ule kila anachotia mdomoni, iwe ni ugali, iwe ni nyama, kina ladha ya kakao, na tumbo linakirudisha. Hiyo ndiyo laana mnayoitafuta. Mimi sikuituma.

Aliniomba nimtukane. Alisema nimpige hata kwa bunduki yake, nifanye chochote. Nilitia mkebe kwenye kiondo nikageuka nikaenda zangu. Nikamsikia nyuma yangu akisema mahali walipomzika anapajua, atanionyesha, nisimame tu anieleze. Sikusimama. Nilisema moyoni sitaki kusikia sauti hii tena. Jumamosi iliyofuata nilirudi, nimeshapata akili, nikamkuta askari mwingine, mgeni, akaniambia Kimaiyo ameondoka.

Nimelia mpaka nimekauka, usinililie tena. Mama yake Ndung'u bado hajui, na sijui nitamwambia kwa mdomo gani. Kuna siku nakuwa na hasira na Kimaiyo mpaka naogopa kushika kisu. Kuna siku nakuwa na hasira na Ndung'u mwenyewe, kwa nini hakusema jina tu, lilikuwa jina moja. Na kuna siku nakumbuka kwamba kile walichokikuta kwenye blanketi nilikiviringisha mimi, na siku hiyo siwezi hata kufagia.

Kwa hiyo neno langu kwa mzee Kiprugut ni hili, umsomee kama lilivyo. Kuja siwezi, Mkikuyu hapewi pasi ya kusafiri, na hata ningepewa sina laana ya kuondoa. Wala sijamsamehe mwanawe. Asiambiwe nimemsamehe, itakuwa uongo, na yeye mwenyewe atajua ni uongo. Aambiwe kwamba Rahab anasema ale. Mpe maziwa, kijiko kimoja kimoja kama unavyomlisha huyo mtoto wako. Akitapika mpanguse mdomo, mpe tena. Akifunga meno, mfinye pua. Mume wangu alikubali kufa ili Kimaiyo aishi, sasa Kimaiyo atajifia kwa njaa nyumbani kwa mama yake, kwa ruhusa ya nani? Yule mwenzake sijui nitampata wapi, na wale wazungu wataniambia amehamishwa mpaka nizeeke. Ni Kimaiyo peke yake niliyebaki naye. Hali hii ya hatari itakuja kuisha, haiwezi kukaa milele. Siku hiyo nataka aje hapa kwa miguu yake, atembee mbele yangu, asimame, anionyeshe kwa kidole kwamba ni hapa. Baada ya hapo anaweza kufanya anavyotaka, na mimi nitajua kama nina msamaha au sina. Lakini asithubutu kufa kabla hajanionyesha.

Obura ameshapakia makopo ya krimu, anapiga honi, na memsahibu ananiita. Nisalimie mama yako na mumeo, na umkumbatie mtoto kwa niaba yangu. Mzee Kiprugut naye umsalimie kwa heshima, mwambie sina kinyongo naye, alisema kama baba. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane. Na ukiniandikia usijaze ukurasa wa salamu. Niambie kwanza kama amekula.

Ni mimi, mwenzako wa jikoni,

Rahab Njoki,
mke wa Ndung'u.