Bismillah Iliyoninyima Wali

Shangazi Mwajuma, Msimbu

Shikamoo shangazi. Goti linaendeleaje?

Huku Zarumi wanajisifu waliwapindua makuhani waliokuwa wakichapa viboko kila aliyekula bila kusali. Sasa ni jamhuri ya mapinduzi, eti kila mtu yuko huru! Jana hotelini nikasema bismillah, kama ulivyonifundisha. Msimamizi, mzee mwenye beji nyekundu, akanyakua sahani yangu: "Hapa tunaanza na kiapo cha mapinduzi!" Nikasimama, nikaapa, wali ukapoa. Nikamuuliza enzi za makuhani alikuwa anafanya kazi gani. Akajibu bila haya, "Hii hii."

Mapinduzi gani hayo! Niwekee kisamvu, shangazi. Nikirudi nitasema bismillah mpaka Mzenga wasikie.

Mwanao akupendaye,
Tatu