Chora Unachokiona

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba sitaisikia, lakini nikianza bila shikamoo ungeninunia, nakujua.

Leo nimepita kule ziwani Butimba, nikayaona yale majani ya majini uliyokuwa ukituchumisha Jumamosi, mimi na wanafunzi wako wengine, sketi zimelowa. Ulilaza jani moja dogo kwenye kioo, ukadondoshea maji, ukatuita mmoja mmoja kwenye hadubini pekee ya shule. Niliona seli zimepangwa kama matofali, na ndani yake punje za kijani zikitembea taratibu kandokando ya ukuta. Nikasema kuna wadudu. Ulicheka hadi ukavua miwani, ndipo ukatueleza kwamba hizo ni kloroplasti, jiko la jani, humo ndimo mwanga wa jua unamopikia chakula.

Kwenye kuchora hukuwa na mzaha. Darasa zima tulinakili kitabuni: mitokondria na mikunjo yake, ribosomu kwa vinukta. Ukatukata alama wote kwa wino mwekundu. Mitokondria zimo, ulisema, ndizo zinazoipa seli nguvu, ila mikunjo yake inataka hadubini ya elektroni, na hapa shuleni hatuna. Nani basi kaiona?

"Chora unachokiona, si unachokijua."

Nilinuna mpaka ugali ukaiva.

Kisha nikaajiriwa maabara, kazi yangu kukata vinyama vya wagonjwa vyembamba na kuvitia rangi ili daktari avisome. Siku moja kikaja cha kwako, kutoka tumboni. Daktari aliniita nitazame mwenyewe. Seli isiyo na ugonjwa, kiini chake ni kidogo na kimetulia mahali pake. Vyako vilikuwa vikubwa, vimekolea zambarau, vimesongamana, kila kimoja na umbo lake, vingine vikijigawa hovyo. Sikuhitaji kuelezwa kuwa ni saratani. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kazini.

Nyumbani Ba'mdogo alikuwa ameshafika kutoka Bukoba, na uamuzi ameshautoa: mgonjwa hakatishwi tamaa, kaka ataambiwa ni vidonda vya tumbo. Tukaitikia sote. Lakini alipokwenda sokoni Mirongo, ulinipa penseli na karatasi.

"Chora ulichokiona," ulisema.

Nilichora, Baba. Uliutazama ule mchoro kwa muda mrefu. Ukaweka alama ya vema, kisha ukanikata alama moja kwa sababu sikuandika nimekuza mara ngapi. Nilikuchukia kidogo pale, na sijawahi kukupenda vile. Ukanionya mdogo wako asijue kwamba unajua, maana hataweza kuubeba mzigo huo.

Basi nikawa mtazamaji. Ba'mdogo anakukamulia maji ya kabichi kila asubuhi, dawa ya vidonda, anakuhakikishia unapona. Wewe uliyekuwa huli kabichi hata kwenye harusi unakunywa, unafuta mdomo, unasema kweli leo kuna nafuu. Niliumia kuwaona mkidanganyana kwa upendo namna hiyo.

Juzi tumeweka msalaba kaburini kwako, kule migombani. Watu walipotawanyika Ba'mdogo alibaki na mimi. Amekonda, Baba. Halali. Anasema alikudanganya hadi ukaingia kaburini, akakunyima nafasi ya kuaga, na hilo Mungu hatamsamehe. Ulinikataza, najua. Lakini mzigo uliotaka kumwepusha nao ulikuwa mwepesi kuliko huu alionao sasa. Nikautoa ule mchoro kwenye mkoba, nikamweleza kila kitu.

Hakuuliza habari za viini. Aliweka kidole juu ya ile vema, akaitambua papo hapo, maana wewe ndiye uliyemsahihishia daftari zake za utotoni.

"Kumbe kaka alijua," akasema. "Na kabichi yote ile akainywa?"

"Yote, Ba'mdogo."

Alicheka. Kisha akalia, na tangu tukuzike sikuwa nimemwona akilia. Jioni alikula ndizi sahani nzima, akalala mpaka jua likatoka.

Nimelivunja neno lako, na radhi naiomba nusu tu, kwa sababu nilimwonyesha nilichokiona. Nawe pumzika, Baba yangu. Kwenye kona ya mchoro nimeshaandika: mara mia nne. Nirudishie alama yangu.

Mwanao,
Koku