Kwa Baba Kasiani Chitanda, Mwenye Kisima Kisichofungwa

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2024, ulipoketi kwenye ukingo wa kisima ukasema umechoka kidogo. Wewe hukuwa mtu wa kuchoka. Mama alidhani unatania, akaendelea kuanika mihogo yake. Alipogeuka kukujibu, ulikuwa umekwisha kutuacha. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, na hukuziona korosho zake.

Ulizaliwa Lulindi, ukajifunza uashi kwa mafundi wa misheni, kisha ukapanda huku Makote kumwoa Rose, mama yetu, na hukushuka tena. Huku juu maji tunayavuna kwa bati, na visima vingi vya kuvunia mvua hapa kijijini vimepita mikononi mwako. Ulikuwa unagonga saruji kwa kifundo cha kidole, unatega sikio, unagonga tena. Kama hukuridhika ulibomoa, hata mwenye nyumba akikusihi uache.

Ulikuwa huwezi kukaa na kitu. Trevor, mwanao wa mwisho, alikununulia koti zito kwa ajili ya baridi ya Juni. Jumapili ya pili tukaliona kanisani, mgongoni mwa katekista. Baiskeli nayo ulimpa huyohuyo, ukatuambia umemwazima tu, na kuazima kwenyewe kukafika mwaka wa sita. Kwenye sadaka ya mavuno ulipeleka korosho za daraja la kwanza, nyumbani tukabaki na zilizokunjamana. Tulikununia, Baba, tusikufiche. Wewe ulicheka tu, ukasema, "Bwana amenishikisha vitu vyake. Siku akivitaka asinikute nimefumba mkono."

Lakini kilichomtoa Mama machozi ni kisima. Kuanzia Agosti kila nyumba yenye kisima hutia kufuli, na hakuna anayemlaumu mwenzake, maana bomba la kijiji hutoa maji siku likipenda. Chetu kilikaa wazi. Alfajiri tuliamshwa na makopo ya majirani yakigonga ukingo. Mwaka mmoja wa ukame Mama akaenda sokoni Newala akakununulia kufuli. Ulilipokea kwa mikono miwili. "Ahsante sana, Mama Isabela. Kufuli zuri hili." Hatukuliona tena.

Ijumaa ile, siku tatu kabla hujaondoka, Mama alichungulia kisimani akaona maji yameshuka hadi magotini. Aliweka ndoo chini kwa kishindo.

"Baba Isabela, ukifa leo utaniachia nini?"

"Nitakuachia watu, mama."

"Watu hawanyweki!"

Ukainama ukaendelea kusafisha mwiko wako. Hamkulizungumza tena jambo hilo. Neno hilo limemkaa Mama kooni mwaka mzima, na ndilo lililotufanya tuandike.

Baada ya mazishi tulifungua sanduku lako. Tulikuta mashati mawili, kitabu cha nyimbo, mwiko, na lile kufuli likiwa bado ndani ya karatasi yake. Tulilia sana. Halafu, Baba, tunakuungamia mbele ya wote wanaosoma, tukalichukua tukalitia kwenye kifuniko cha kisima. Mama alifunga kwa mkono wake, akauvaa ufunguo shingoni kwa uzi mweusi. Tulijiambia ni mpaka mvua tu.

Kesho yake majirani walikuja na ndoo, wakaona kufuli, wakageuka. Bi Somoe, aliyechota hapa tangu mwanawe Faruku yuko mgongoni, alisimama kidogo. "Haidhuru, Mama Isabela. Ni msiba." Akashika njia ya bondeni kutafuta maji, na miguu yake ile inayouma. Mama alimtazama mpaka akapotea, na ufunguo hakuuvua.

Mvua ya kwanza ilipiga Desemba. Tulitoka nje tukishangilia, gata, ule mfereji wa ukingoni mwa bati, ikamimina maji kisimani, kisima kikajaa. Hakuna aliyekumbuka ulichokuwa unafanya kila mwaka peke yako: kupanda juu, kufagia bati, na kugeuza gata ili mvua za mwanzo ziende zake. Tangu Juni huwa tunapuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, na vumbi lake lote hutua juu ya nyumba. Tulikuona ukihangaika huko juu, tukasema ni uzee. Mama alifungua kufuli, akachota kikombe, akaonja, akatema. Maji yalikuwa na rangi ya manjano na yananuka. Kisima kimejaa mpaka juu, kimefungwa kufuli, na hakinyweki.

Ikawa zamu yetu kukosa maji. Mama aliona haya kwenda kuomba kwa watu aliowafungia, akakinga matone kwa masufuria. Siku ya nne tukasikia hodi. Alikuwa Bi Somoe, ndoo kichwani.

"Nimesikia maji yenu yameingia salfa. Nitue."

"Bi Somoe, mimi nilikufungia."

"Ulifunga wewe. Kasiani hakunifungia hata siku moja. Haya ni maji yake, nitue shingo inaniuma."

Mama alimtua, kisha akakaa chini palepale kwenye tope. Siku ya mazishi yako alikuwa amejikaza, watu wakamsifu kwa ujasiri. Siku hiyo alikulilia, Baba, akakuita kwa jina lako la utotoni, ambalo sisi watoto wako hatukuwahi kulisikia. Bi Somoe alikaa naye kwenye tope mpaka akamaliza.

Baadaye walikuja majirani wengine. Rahima alileta ndoo mbili, Abuu akapakia madumu kwenye pikipiki. Wanawake walikikausha kisima kizima, wakaingia ndani wakasugua kuta ulizozipaka saruji. Walipofika chini waliona alama ya kiganja chako, uliyoiacha saruji ikiwa mbichi. Hawakuisugua. Walimwita Mama akashuka kwa ngazi, akaweka mkono wake hapo. Mkono wake ni mdogo, haukuijaza.

Kufuli amempa katekista, afungie ile baiskeli uliyomwazima. Mwaka huu Trevor ndiye atakayefagia bati na kugeuza gata. Ni kazi ngumu, Baba. Tunasikitika hukuwahi kusikia ahsante yetu.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025, kanisani Makote. Baada ya hapo wote mnakaribishwa nyumbani. Mtakaokuja, njooni na ndoo.

Unakumbukwa na mkeo Rose, wanao Isabela na Trevor, mkweo Yunusi, wajukuu zako, ndugu zako wa Lulindi na Lisekese, katekista na waumini wenzako wa Makote, na Bi Somoe, ambaye ametuomba jina lake liwe miongoni mwa ndugu, nasi tumeliweka.

Hutatutoka moyoni, Baba. Na Mama ametutuma tukuandikie hili, kwa sababu hakukwambia ulipokuwa hai: neno lile la Ijumaa amelifuta, kisima kiko wazi, na kikikauka, kikauke.