Kitako cha Bunduki ya Yotham

Jumatano, 3 Septemba 2025
Nimerudi Miyuji na bunduki ya upepo ya Yotham, imefungwa kwenye kanga ya shemeji. Mdogo wangu ana miezi mitatu kaburini, na mimi leo ndiyo kwanza nimefika shambani kwake Makutupora tangu mazishi. Aibu! Binti yake, Rose, alinipokea mwenyewe. Shikamoo baba mkubwa, hii inanizidi, naomba unikatie kitako. Ana miaka kumi na mmoja. Shule wamefunga, zabibu zinaiva, ndege wameshaanza kula — anataka kulinda kama baba yake. Mama yake, Edina, aliendelea na ungo wake. Alikuwa anapepeta mtama. Mimi ni seremala. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeifungua. Kutu mpaka ndani. Msasa, mafuta ya cherehani, msasa tena. Springi imelegea — afadhali, mtoto ataweza kuikunja bunduki anapoijaza. Kibali kina jina la marehemu. Najua inatakiwa ipelekwe polisi. Sijamwuliza mtu.

Jumapili, 7 Septemba
Sikwenda kanisani. Pale Yotham alipokuwa akilaza shavu, mbao imebonyea kidogo na kung'aa. Nimelaza langu. Bado inanuka tumbaku yake.
Miaka miwili hatukuongea! Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba kufukuza ndege si kazi ya mwanamume, aje karakana nimfundishe kushika randa. Akacheka. Akasema kaka, kaa kwanza tunywe chai. Sikukaa. Niliposikia anaumwa kifua nikajiambia ni kikohozi tu, kitapita.

Jumanne, 9 Septemba
Nimekata. Inchi tatu nyuma. Haikutosha — Rose ni mdogo, mbao nene ingemsukuma uso pembeni, jicho lisifike kwenye mstari wa kulengea. Ikabidi nichonge na ubavuni, pale pale penye shavu la Yotham. Nilishika randa, nikaiweka. Nikaishika tena. Mara nne tu, pakawa papya.
Vanishi kesho.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeipeleka. Rose akaiweka begani — imemkaa sawasawa! Kopo la nyanya likaanguka kwa risasi ya pili. Alicheka kama Yotham, kichwa nyuma. Edina akaingia ndani.
Nikamfuata jikoni. Shemeji, nimekosea?
Akasema Yotham siku zake za mwisho aliomba jambo moja tu: mtoto asome, hata kama shamba litauzwa.
— Mbona hukuniambia?
— Ningekuambia saa ngapi, shemeji? Hukuwepo.
Hakuinua hata sauti. Akanimiminia chai. Leo nimekunywa, yote.

Jumatatu, 15 Septemba
Shule zimefunguliwa. Edina alinipigia alfajiri: njoo, mtoto ameshanishinda.
Nimekuta sare imepigwa pasi, iko juu ya kiti. Rose yuko juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya mizabibu, pale baba yake alipokuwa akilindia, na bunduki magotini. Kapanda kabla jua halijatoka. Anasema atarudi shule zabibu zikiisha. Baba hakuwahi kukosa hata siku moja, anasema, sasa nani atakaa hapa?
Nimemwambia nitakaa mimi. Akaniuliza kama najua ndege wanaingilia upande gani. Sijui.
— Basi shuka, mwanangu. Nipe hiyo bunduki.
Akatikisa kichwa. Kwa adabu, bila kiburi.
— Baba mkubwa, si umenikatia mwenyewe?
Kazi ya baba yake, ile niliyoidharau, nimeichonga kwa mikono yangu mpaka ikamtosha.
Sasa ni saa nne. Kengele ya shule ililia zamani. Naandika nikiwa nimekaa chini, nimeegemea mguu wa dungu. Edina amesimama mlangoni. Haangalii mtoto, ananiangalia mimi. Kundi la ndege limetua upande wa kisimani — nimeliona! Nataka kumwambia Rose, lakini nikimwambia hatashuka. Kule juu nasikia anaikunja bunduki, anahema kidogo, inamgomea, anajaribu tena.