Bakuli la Mama Salma

Mume wangu mdogo Baraka,

Bibi yako nipo kwa shangazi yako Chamazi, nimeiva kwa joto, naandika huku nacheka. Siku ile unanisindikiza stendi uliniuliza amani ya Krismasi ni nini, nikakujibu ni utulivu. Nilikudanganya, mjukuu wangu.

Tangu Idi shangazi yako amekaa na bakuli la jirani yake, Mama Salma. Lilikuja na biriani, kisha wakanuniana kwa sababu kuku wa Mama Salma walichakura mchicha wa shangazi. Bakuli la mtu halirudishwi tupu, na shangazi hakutaka kulijaza. Uani kulikuwa kimya kabisa, ila amani hakuna.

Leo Krismasi tumerudi kutoka kanisani, binamu yako Eliza bado ana mabawa yake ya malaika ya maboksi. Akasema, "Mwalimu katufundisha Mungu hakungoja tumwombe msamaha. Alitufuata mwenyewe, akaja mtoto mchanga. Sasa mama, sie tunangoja nini?"

Shangazi akabaki na mwiko hewani. Kisha akalijaza bakuli pilau hadi mfuniko ukagoma kufunga, akalipeleka mwenyewe, malaika akitangulia. Mama Salma akalitazama, akasema, "Mie hili nilishalianulia matanga." Wakacheka hadi wakashikana.

Sasa hivi kuku wamo kwenye mchicha, na hakuna anayewafukuza.

Vaa sweta, huko kwenu baridi. Na mpira wa dada yako uliouficha, mpelekee kabla hajauliza.

Bibi yako wa jasho, nakupenda.